Shajara ya mradi: kupima vimeng'enya vya mafuta ya sangara kwa rangi ya njano

Jumatatu, 3 Machi 2025. Tunaanza

Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kimoja hapa Mwanza. Tuna spektrofotomita moja, mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na rangi, inayosoma kuanzia nanomita 325 hadi 1,000, mizani ya tarakimu nne, mita ya pH, sentrifuji ya mezani na jokofu lenye friza. Vyuo vingi vina vifaa vya aina hii, na vingi vimefunikwa kitambaa kwenye kona. Naandika ili mwenye vifaa kama vyangu afuate njia bila kupitia mashimo niliyopitia, maana vitendanishi vyenyewe ni ghali na chupa ikiharibika hakuna wa kukurudishia.

Nimechagua sangara. Aliyewahi kusimama kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba samaki wakipasuliwa ameona yale mafuta meupe yaliyozunguka utumbo, ambayo akina mama huyayeyusha yakawa mafuta ya kukaangia. Samaki huyu anaweka mafuta mengi, kwa hiyo lazima awe na namna ya kuyafungua na kuyachoma. Nitapima vimeng'enya viwili.

Cha kwanza ni lipasi, inayokata mafuta na kuachia asidi za mafuta. Nitaipa para-nitrofenili palmiteti, yaani asidi ya palmitiki iliyofungwa kwenye para-nitrofenoli. Ikikatwa, para-nitrofenoli hubaki peke yake na kuonyesha rangi ya njano. Kuna sabstreti (vitu vinavyokatwa na kimeng'enya) za mnyororo mfupi zinazoyeyuka kirahisi zaidi, lakini hizo hukatwa na vimeng'enya vingi visivyo lipasi, ndiyo maana nimechukua palmiteti yenye kaboni 16.

Cha pili ni karnitini palmitoiltransferasi, nitakayoiita CPT. Asidi ndefu ya mafuta ikiwa imevaa Koenzaimu A, molekuli inayoibeba ndani ya seli, haiwezi kupenya ukuta wa ndani wa mitokondria. CPT huivua Koenzaimu A na kuivisha karnitini, ndipo ivuke ikachomwe. Koenzaimu A iliyovuliwa ina thaioli (kundi la salfa na hidrojeni), na thaioli ikikutana na kitendanishi cha DTNB hutoa njano inayosomwa kwenye nanomita 412.

Manunuzi ya hatua ya kwanza: para-nitrofenili palmiteti gramu 1, sh 185,000, para-nitrofenoli, 60,000, sodiamu deoksikoleti, 95,000, isopropanoli lita 1, 48,000, gamu arabiki, 22,000 (haijafika). Jumla 410,000.

Jumanne, 11 Machi. Grafu haikupanda

Kabla ya kugusa samaki nilitaka grafu ya kulinganishia. Miligramu 13.9 za para-nitrofenoli katika mililita 100 hutoa ukolezi wa milimola 1. Nikaizimua kwa maji yaliyokenekwa hadi mikromola 10, 20, 40, 50 na 80, nikasoma kwenye nanomita 410.

Neli zilibaki karibu nyeupe. Mikromola 50, niliyoitarajia karibu na 0.9, ilisoma 0.05. Nikashuku chupa, nikashuku taa ya mashine, nikatengeneza upya mara mbili. Siku nne zikapita hivyo.

Kosa lilikuwa maji. Para-nitrofenoli ni njano pale tu inapopoteza hidrojeni yake, na pKa yake, yaani pH ambapo nusu yake imeipoteza, ni 7.15. Maji yaliyokenekwa yakikaa wazi hunyonya kaboni dayoksaidi hewani na kuwa na asidi kidogo. Yangu yalikuwa pH 5.8, na hapo karibu kemikali yote iko katika umbo lisilo na rangi. Nikazimua upya mikromola 50 katika bafa ya fosfeti, kimiminika kinachozuia pH isiyumbe. Kwenye pH 7.0 ilisoma 0.37, kwenye pH 8.0 ikasoma 0.79, na baada ya tone la hidroksaidi ya sodiamu ikapanda hadi 0.90. Ukolezi ni uleule, samaki hayupo, kimeng'enya hakipo, lakini namba zinapishana zaidi ya mara mbili.

Kwa hiyo grafu itengenezwe katika bafa ileile utakayopimia, si katika maji, na si katika bafa ya jirani. Yangu ni fosfeti ya milimola 50, pH 8.0, na mstari wake ni 0.0158 kwa kila mikromola. Namba hiyo nimeiandika kwa kalamu nene ukutani juu ya mashine.

Jumatano, 19 Machi. Ukungu

Palmiteti haipendi maji. Utaratibu ninaofuata ni huu: miligramu 30 za sabstreti ziyeyushwe katika mililita 10 za isopropanoli, kisha zichanganywe na mililita 90 za bafa yenye miligramu 207 za sodiamu deoksikoleti na miligramu 100 za gamu arabiki. Gamu haikuwa imefika, nami nikaona miligramu 100 ni kidogo mno kuleta tofauti. Nikaendelea bila hiyo.

Mchanganyiko ulitoka kama maji ya kuoshea mchele. Usomaji ulianza 0.62, na badala ya kupanda ukaanza kushuka: 0.58, 0.53, 0.49. Kwa hesabu ilikuwa kana kwamba njano inarudi kwenye palmiteti. Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo aliinamia kuveti, kile kichupa kinachoingia kwenye mashine, akasema, "Mwalimu, mbona inajisafisha yenyewe?" Alikuwa ameona jambo ambalo mimi kwenye skrini sikuliona. Chembe nyeupe zilikuwa zinazama chini. Mashine haijui tofauti ya mwanga uliofyonzwa na rangi na mwanga uliotawanywa na chembe; vyote huvihesabu kuwa ufyonzaji.

Gamu ilifika Jumatatu. Nilipasha isopropanoli kidogo hadi unga wote ukayeyuka, nikaidondosha tone kwa tone ndani ya bafa huku chupa ikizungushwa bila kusimama. Safari hii ilikuwa na weupe hafifu uliotulia, usiozama kwa saa nzima. Baada ya saa mbili huanza kuharibika, kwa hiyo natengeneza ya kutosha kazi ya asubuhi tu na inayobaki naimwaga.

Tangu siku hiyo kila kuveti naisoma pia kwenye nanomita 650. Para-nitrofenoli haifyonzi chochote huko. Kama usomaji wa 650 unasogea, kinachosogea ni ukungu, na ule usomaji wa 410 haufai.

Kuna mwenzangu aliyenishauri nichukue utomvu wa mgunga wa porini, kwa kuwa gamu arabiki ni utomvu wa migunga. Ni kweli, lakini wa porini una rangi ya kahawia na magome. Katika kipimo cha rangi, kila kitu chenye rangi yake ni mgeni asiyealikwa.

Jumatano, 2 Aprili. Neli iliyochemshwa nayo imekuwa njano

Sampuli: gramu 1 ya mwanzo wa utumbo, mafuta yamebanduliwa, ikasagwa kwenye kinu cha kauri kilichokaa juu ya barafu, ikajazwa bafa baridi hadi mililita 10, ikazungushwa kwenye sentrifuji. Nachukua tabaka la katikati. Juu kuna mafuta, chini kuna takataka. Mikrolita 100 za tabaka hilo, mikrolita 900 za sabstreti, nyuzi 37. Njano ikapanda vizuri, 0.061 kwa dakika. Tulifurahi sote.

Kisha nikaweka neli ya kulinganishia: sampuli ileile iliyochemshwa dakika 10 ili kimeng'enya kife. Nayo ikapanda, 0.019 kwa dakika.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba haikuchemka vya kutosha. Mwanza tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Nikachemsha dakika 20, kisha 30. Bado 0.019. Ningeweza kuendelea kuchemsha hadi jioni.

Kilichonitoa gizani ni neli ya tatu, isiyo na samaki kabisa, bafa tupu mahali pa sampuli. Ikasoma 0.019 vilevile. Kimeng'enya kilikuwa kimekufa tangu dakika 10 za kwanza. Palmiteti ilikuwa inakatika yenyewe, kwa sababu maji yenye pH 8 na joto la nyuzi 37 yanatosha kuivunja taratibu. Karibu theluthi ya njano iliyotufurahisha haikuwa ya sangara.

Nimeona taratibu nyingi zinazosema "toa blanki", yaani usomaji wa neli isiyo na kile unachokipima, na kuishia hapo. Blanki ipi? Ya bafa? Ya sampuli iliyochemshwa? Ya sampuli bila sabstreti, kwa kuwa tishu nayo ina rangi yake? Mimi sasa naweka zote tatu. Zinakula sabstreti na muda, lakini bila hizo sijui ninachokipima.

Jumanne, 15 Aprili. Nyuzi 25, na hatua ya kwanza imekwisha

Nilijiuliza nyuzi 37 zimetoka wapi. Ni joto la mwili wa binadamu na panya, nami nililinakili bila kufikiri. Sangara ana joto la maji anamoishi, na maji ya juu ya ziwa huku huwa karibu nyuzi 25. Nikahamia nyuzi 25. Maabara yetu mchana hufika 28, kwa hiyo natumia beseni la maji na vipande vya barafu kushusha, si hita kupandisha. Kuveti hukaa humo, hutolewa sekunde chache kusomwa, hurudishwa.

Neli ya sampuli sasa inapanda 0.032 kwa dakika, blanki ya bafa 0.005. Kimeng'enya kimepungua kasi kwa zaidi kidogo ya theluthi, lakini njano inayojileta yenyewe imeshuka karibu mara nne. Tofauti ni 0.027; gawanya kwa 0.0158 upate mikromola 1.71 kwa dakika, ambayo katika kuveti ya mililita 1 ni nanomoli 1.71. Hiyo imetoka kwenye mikrolita 100 za sampuli ya gramu 1 katika mililita 10, kwa hiyo ni nanomoli 171 kwa dakika kwa kila gramu ya tishu. Nilirudia neli tatutatu siku mbili tofauti, zikabaki kati ya 158 na 180. Hatua ya kwanza naifunga.

Angalizo kwa anayefuata: usiache deoksikoleti. Lipasi kuu ya samaki wengi huamshwa na chumvi za nyongo, na deoksikoleti ni mojawapo. Nilijaribu bila hiyo mara moja, kasi ikaanguka hadi ikawa vigumu kuitenga na blanki.

Jumanne, 29 Aprili. CPT: manunuzi na kosa la mizunguko

Hapa ndipo mfuko unapotoboka. Palmitoili-CoA miligramu 10, pamoja na usafirishaji na ushuru, sh 850,000. DTNB gramu 1, 240,000, karnitini, 90,000, Tris (ya kutengenezea bafa), 130,000, sukrosi safi, 55,000. Jumla 1,365,000. Nilipiga hesabu: miligramu 10 ni karibu mikromoli 9.9, na kila kuveti inatumia nanomoli 40, kwa hiyo vipimo kama 240 hivi. Kila kipimo kinakula palmitoili-CoA ya zaidi ya sh 3,500. Mkono unatetemeka ukishika pipeti.

Sitaanza na palmitoili-CoA. Wiki hizi mbili nimefanyia mazoezi utayarishaji wa tishu peke yake, nikitumia nyama nyekundu ya sangara, ule ukanda mwembamba uliokoza rangi ubavuni chini ya ngozi. Ndiyo misuli ya kuogelea polepole kutwa, imejaa mitokondria, nayo huchoma mafuta. Nyama nyeupe ni ya kurusha mwili ghafla.

Kosa: utaratibu unasema kuzungusha kwenye 600 g (mara 600 ya nguvu ya mvutano wa dunia, si gramu) kwa dakika 10 ili takataka zizame na mitokondria zibaki juu. Tuliweka sentrifuji kwenye 600. Lakini kitufe kile kinahesabu mizunguko kwa dakika, si g. Kanuni ni g = 0.00001118 × nusukipenyo kwa sentimita × mizunguko × mizunguko. Rota yetu ina nusukipenyo cha sentimita 10, kwa hiyo mizunguko 600 ilitupa g 40 tu, na sampuli ilibaki na vipande vya misuli vinavyoelea. Tulihitaji mizunguko kama 2,300.

Kanuni hiyohiyo ilinionyesha mpaka wetu. Mashine yetu mwisho wake ni mizunguko 4,000, yaani g karibu 1,800. Kuzamisha mitokondria kunahitaji karibu g 10,000. Hatuna. Nitapima rojo, yaani tishu iliyosagwa, iliyozungushwa mara moja, mitokondria zikiwa ndani pamoja na kila kilichomo kwenye seli. Hilo linanilazimisha kuwa mkali zaidi na blanki, na nitaripoti hivyo bila kuliita kwa jina kubwa kuliko lilivyo.

Jumanne, 13 Mei. Sukari, damu, na safari ya Igombe

Rojo inasagwa ndani ya sukrosi ya mola 0.25, ili mitokondria zisivimbe na kupasuka. Ni gramu 85.6 kwa lita. Kwa mazoezi nilitumia sukari ya dukani, kwa kuwa nayo ni sukrosi, nikitunza ile safi. Lakini sukari tunayonunua huku ni ya kahawia. Peke yake, bila samaki, ilisoma 0.11 kwenye nanomita 412. Mazoezi yaliyobaki nimeyafanya kwa sukrosi safi.

Damu ilikuwa tatizo kubwa zaidi. Hemoglobini ina mfyonzo mkali sana karibu na nanomita 415, mlangoni kabisa pa 412 yetu. Rojo ya nyama nyekundu ya samaki wa sokoni ilianza kwenye 1.8, na mashine yetu ikipita 1.5 haiaminiki, mwanga unaobaki ni kidogo mno. Nilijaribu kuosha nyama kwa sukrosi baridi. Ikashuka hadi 1.4. Nilizimua zaidi, damu ikapungua na kimeng'enya nacho.

Isitoshe, sangara wa sokoni huenda amekufa tangu jana. Ikabidi niende mwenyewe Igombe, saa kumi na moja alfajiri. Nilimkuta mzee mmoja anaburuta mtumbwi wake.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mwanangu. Unataka wa kilo ngapi?"

Nikamweleza kuwa kilo hazinisumbui, ninachotaka ni samaki wa migonzo (ndoano) anayepumua bado, si aliyelala kwenye nyavu usiku kucha, na akitolewa tu akatwe mashavu damu itoke. Aliniangalia kidogo. "Damu ikitoka hata nyama inadumu," akasema, "sema wanunuzi hawana subira." Alinipa wa sentimita 54, juu ya kiwango cha sheria cha 50, akamkata matamvua mbele yangu na kumshikilia majini damu ikitiririka. Sh 22,000, na barafu ya mabonge 3,000.

Saa moja na nusu baadaye nilikuwa nasaga. Usomaji wa kuanzia ulikuwa 0.48. Hakuna kitendanishi nilichonunua mwaka huu kilichonisaidia kuliko kile kisu cha mzee.

Jumanne, 27 Mei. Umeme, na palmitoili-CoA iliyooza

Ingizo hili ni la hasara. Niliyeyusha miligramu 2 za palmitoili-CoA kwenye Tris ya pH 8.0, bafa ileile ya kipimo, nikaigawa kwenye vichupa vidogo na kuiweka friza. Umeme ulikatika Ijumaa jioni ukarudi Jumapili. Jumatatu vichupa vilikuwa vimeganda tena, vinaonekana vizima.

Jumanne nilianza kipimo. Mara tu nilipotia palmitoili-CoA, njano iliruka papo hapo, kabla hata karnitini haijaingia. Nilidhani nimepata CPT yenye nguvu ajabu. Nikakumbuka Aprili. Nikaweka kuveti isiyo na samaki: bafa, DTNB, palmitoili-CoA basi. Ikaruka vilevile, 0.21.

DTNB ikiguswa na thaioli hutoa ayoni ya njano yenye mgawo wa ufyonzaji 14,150 kwa mola kwa sentimita. 0.21 gawanya kwa 14,150 ni mikromola 14.8. Nilikuwa nimetia mikromola 40. Zaidi ya theluthi ya dawa yangu ilikuwa imejivunja na kuachia Koenzaimu A. Kiungo kinachoshika asidi ya mafuta na Koenzaimu A huvunjika kirahisi kwenye pH ya juu, nami niliiyeyusha kwenye pH 8 kisha joto la siku mbili likamalizia. Karibu sh 170,000 zimekwenda.

Marekebisho: unga ubaki mkavu hadi siku ya kazi. Kinachohitajika tu kiyeyushwe kwenye bafa ya fosfeti pH 6, kiwekwe kwenye barafu, kiingie kwenye pH 8 ndani ya kuveti na si kabla. Na kila asubuhi kipimo cha kwanza ni DTNB na palmitoili-CoA bila samaki. Kikiruka zaidi ya 0.02, siku hiyo hatuanzi. Ndani ya friza sasa kuna chombo cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Umeme ukikatika muda mrefu, sarafu huzama, nami najua hata kama kila kitu kimeganda upya.

Jambo jingine la siku hiyo: Tris hubadilika pH na joto, karibu 0.03 kwa kila nyuzi moja. Nilikuwa naipima imetoka kwenye jokofu. Bafa iliyosoma 8.0 ikiwa na nyuzi 4 huwa karibu 7.4 ikifika nyuzi 25. Ipime ikiwa na joto la kazi.

Jumanne, 10 Juni. Njano mbili kabla ya njano yenyewe

Kuveti sasa: Tris milimola 50 pH 8.0, DTNB mikromola 250, rojo mikrolita 50, palmitoili-CoA mikromola 40, na mwisho karnitini milimola 2.5.

Njano ya kwanza hutokea rojo inapokutana na DTNB. Tishu ina thaioli zake, glutathaioni na za protini. Hupanda kwa kasi, hupunguza, na baada ya dakika kama nane hutulia. Mwanzoni sikuwa na subira nikaanza dakika ya pili, na kila rudio likatoa jibu lake. Sasa nasubiri dakika 10. Kama utaratibu wako unakutaka uweke ditiotreitoli au merkaptoethanoli kulinda kimeng'enya, usiweke hapa, maana zenyewe ni thaioli na zitamaliza DTNB yote.

Njano ya pili ni ya hila zaidi. Ukitia palmitoili-CoA bila karnitini, mstari unapanda polepole na haukomi. Si dawa iliyooza, kwa kuwa bila rojo hautokei. Ni vimeng'enya vingine vya tishu vinavyokata palmitoili-CoA na kuiacha Koenzaimu A huru bila kuihamishia popote. Koenzaimu A hiyo ni sawasawa na ile ya CPT, na DTNB haiwezi kuzitofautisha. Kinachozitofautisha ni karnitini peke yake. Kwa hiyo narekodi mstari dakika tano bila karnitini, naitia, narekodi tano nyingine kwenye kuveti ileile. CPT ni tofauti ya miteremko hiyo miwili.

Nilijaribu pia kuongeza palmitoili-CoA hadi mikromola 100 nikitegemea kasi zaidi. Kasi ilipungua. Molekuli hii ina mkia wa mafuta na kichwa kinachopenda maji, kama sabuni. Ikizidi hujikusanya na kuharibu utando ambamo CPT imekaa. Nimerudi 40. Kwa sababu hiyohiyo sitii Triton, sabuni ya maabara: CPT ya utando wa nje huzimwa nayo, ya ndani ikabaki, na utapima moja ukidhani umepima zote.

Jumanne, 24 Juni. Namba za kwanza

Sangara wanne wa Igombe, kila mmoja neli tatu. Protini nimeipima kwa biureti, kitendanishi kinachotoa rangi ya zambarau kikikutana na protini, kwenye nanomita 540; rojo ilikuwa na ukungu wa mafuta hadi nilipotia deoksikoleti kidogo.

Nyama nyekundu, mfano wa samaki wa tatu: kwa karnitini 0.042 kwa dakika, bila karnitini 0.017. Tofauti 0.025, gawanya kwa 14,150, ni nanomoli 1.77 kwa dakika katika kuveti ya mililita 1. Protini iliyokuwemo ni miligramu 0.5, hivyo nanomoli 3.5 kwa dakika kwa miligramu. Wengine watatu: 2.9, 3.8 na 3.1. Kama nisingetoa mstari wa bila karnitini, ningeandika 5.9 kwa huyu wa tatu, na hakuna mtu angenishuku.

Nyama nyeupe: 0.003 kwa karnitini, 0.002 bila karnitini. Mashine yetu husogea kiasi hicho hata kuveti ikiwa na maji matupu. Sina namba ya nyama nyeupe, na sitaitunga. Nitajaribu rojo nzito mara tatu, sasa kwa kuwa damu si kikwazo.

Gharama yote hadi leo: vitendanishi sh 1,775,000, samaki watano 110,000, barafu na nauli 64,000. Jumla 1,949,000. Atakayeanza leo kwa kufuata shajara hii ataokoa karibu 170,000 ya dawa iliyooza, samaki mmoja wa sokoni, na miezi miwili.

Imebaki palmitoili-CoA miligramu 6 na kidogo. Sarafu bado iko juu ya barafu. Jumatano ijayo mzee wa Igombe ameahidi kuniwekea wawili, na safari hii nitachukua pia maini.